Siku Moja Katika Kisiwa cha Changuu

Mtu asimamaye pwani ya Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, akitazama upande wa kaskazini-magharibi, huona visiwa vidogo vilivyotawanyika baharini. Kimojawapo ni Changuu, ambacho wageni hukiita Kisiwa cha Gereza. Kiko mbali na mji yapata kilomita 5 na nusu, na urefu wake hautimizi hata kilomita moja. Hata hivyo, habari zake ni nyingi kuliko ukubwa wake.

Marafiki wawili kutoka bara ya Kenya, mmoja karani na wa pili mkulima mwenye ng'ombe wa maziwa, walikuwa wakizuru Unguja wakati wa kusi, wakaazimia kwenda huko. Walipatana na nahodha nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, wakavua viatu, wakakunja suruali, wakaingia majini mpaka magotini kuifikia mashua. Mkulima alikuwa hajapanda chombo cha bahari tangu kuzaliwa, akaushika ubao wa kukalia kwa mikono miwili.

"Usiogope, bwana," nahodha akamwambia. "Sasa upepo uko nyuma yetu. Ngoja wakati wa kurudi, ndipo utakapooga."

Yapata nusu saa baadaye wakashuka kwenye mchanga mweupe. Jambo la kwanza walilotazama ni lile gereza, jengo la mawe lililokabili bahari. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1860 watumwa walioasi walikuwa wakifungiwa kisiwani humo kabla ya kuuzwa ng'ambo. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa Waziri Mkuu wa Serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa kwa ajili ya Serikali, na gereza likajengwa. Lakini wafungwa hawakuletwa. Badala yake mahali hapo pakawa karantini, ambapo abiria wa meli walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza walikaa mpaka ijulikane kuwa ni wazima. Karani alizunguka vyumba vyote, akasema kwamba nyumba iliyokusudiwa kuwatesa watu imeishia kuwakinga wengine.

Mkulima alivutiwa zaidi na kobe. Hawa ni kobe wakubwa ajabu, asili yao ni kisiwa cha Aldabra katika Shelisheli. Dume aliyekomaa aweza kupita kilo 200, na wengi huishi zaidi ya miaka 100. Wengine wameandikwa umri wao kwa rangi juu ya magamba. Mkulima alimpa mmoja majani, akamkuna shingo. Kobe akainyoosha na kusimama wima kwa miguu minne, kama ng'ombe anayefurahia kusuguliwa.

Mtunzaji akawaeleza habari zao. Mwaka 1919 kobe 4 waliletwa kuwa zawadi kutoka kwa Gavana wa Shelisheli. Wakazaana, hata mwaka 1955 wakawa wapata 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa kuwala, wengine kwa kuwauza nchi za mbali. Ilipofika mwaka 1996 walikuwa wamebaki 7 tu.

"Saba!" mkulima akasema. "Kwani hapakuwa na mtu wa kuwahesabu kila jioni?"

Mtunzaji akajibu kwamba zamani walitembea ovyo kisiwani. Wale waliobaki wakatiwa ndani ya ua, wakaletwa na wengine wachanga, na watoto wakawa wanalelewa mahali pao peke yao.

Mkulima akafikiri sana. Mtamba, alisema, huzaa akiwa na miaka miwili na nusu au mitatu, na mwenye kupoteza ng'ombe aweza kuanza tena. Kobe hukawia miaka ishirini au zaidi kabla ya kuzaa. Mwizi wa usiku mmoja huchukua kazi ya kizazi kizima. Karani akamkumbusha maneno ya wazee: mali bila daftari hupotea bila habari.

Walirudi alasiri, upepo ukiwakabili, maji ya chumvi yakiwarukia usoni kama nahodha alivyoahidi. Mkulima hakulalamika. Alikuwa akihesabu kwa vidole ng'ombe aliowaacha nyumbani.

Wasomaji watakaopata nafasi ya kwenda Changuu waondoke asubuhi, kabla upepo haujazidi. Wachukue kofia na nguo ya kubadili. Wasipande juu ya migongo ya kobe, wala wasiokote kitu cha kisiwa na kukitia mfukoni. Waliopungua kutoka 200 hadi 7 hawakuondoka kwa siku moja. Walichukuliwa mmoja mmoja, na kila aliyechukua alidhani kwamba mmoja hatapunguza kitu.