Nyoka Asiye na Sumu

Katika vijiji vyetu vya Masisi na Walikale, nyoka akionekana karibu na kuku wanaotaga, hukumu yake ni fimbo. Sishangai, kwa maana wako nyoka ambao sumu yao huua. Lakini yuko mmoja ambaye chakula chake ni mayai ya ndege tu. Hana sumu, na meno yake ni kama hayapo. Hulimeza yai zima, hulipasua kooni kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo, kisha hutapika ganda. Ndege wasipotaga, hufunga. Akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake, yakatoa sauti kama ya kifutu. Sauti hiyo huwafukuza wanyama wanaomwinda, lakini kwetu ndiyo humponza: huuawa kwa kufanana na mwingine.

Hapo mawazo yangu hutugeukia sisi. Mwaka 1993 mapigano yalianzia Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Wengi waliuawa kwa sababu ya kabila lao, si kwa tendo lolote. Hata leo, mkimbizi akifika kijijini, uvumi humtangulia.

Mwanadamu si nyoka. Ni sura ya Mungu. Ikiwa hata kiumbe wa porini anaweza kuhukumiwa bure, ndugu yetu je? Katika Yohane 7:24, Bwana anatukataza kuhukumu kwa macho tu. Basi, kabla ya kueneza neno juu ya mgeni, tuketi naye, tumsikilize. Roho Mtakatifu atujalie subira hiyo.