Mjukuu wangu hapakatwi siti ya mbele

Siku hizi hapa Singe magari ya mtumba kutoka Japani yamekuwa mengi, na vijana wakinunua hukusifia kwanza redio, kisha eabegi. "Mama, hili lina eabegi mbili mbele," mkwe wangu aliniambia alipokuja kumchukua binti yangu na mjukuu wa miezi minne waende Arusha. Binti akakaa mbele, mtoto mapajani, mkanda umewazungusha wote wawili. Nikawaambia safari haianzi hivyo.

Wakadhani ni woga wa kizee. Lakini eabegi si mto wa kulalia. Gari likigonga kwa nguvu, kifaa kidogo cha ndani kinahisi mshtuko, cheche inawasha kemikali, na gesi inaujaza mfuko kwa takriban sehemu 30 za elfu moja za sekunde. Kabla hujapepesa jicho umeshachomoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Kichwa kikiufikia, gesi inatokea kwenye matundu na mfuko unanywea, ndiyo maana mtu hapigi uso kwenye usukani. Hapo nasema mtu mzima, aliyefunga mkanda, na kama ni dereva, kifua chake kiko walau sentimita 25 kutoka usukani. Mtoto wa mapajani yuko pale pale mfuko unapofumukia, na nyuma yake kuna uzito wa mama yake.

Mkwe ni msikivu, namshukuru Mungu. Binti alihamia nyuma, na walipofika Arusha wakanunua kiti cha mtoto mchanga, kile kinachotazama nyuma. Hicho hakifungwi kamwe mbele ya eabegi. (Bei ilimuuma. Ya redio haikumuuma.)

Iliyobaki ni taa ya SRS kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake ukiwasha gari, kisha izime. Yake haizimi, na fundi mmoja alimshauri achomoe balbu tu! Taa hiyo ikibaki, mfumo una hitilafu, na mfuko unaweza usifumuke siku ya ajali. Tena kuna zile za kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika 2017. Kemikali yake ikikaa miaka kwenye joto na unyevu huharibika, na mfuko ukifumuka hurusha vipande vya chuma. Mamilioni ya magari yaliitwa kubadilishiwa, Toyota na Honda yakiwemo, na namba ya chasisi ndiyo inayoonyesha kama lako limo. Ya mkwe tumeiandika kwenye karatasi, anaipeleka kwa wakala wiki hii.