Siku ya Makedi ni Jumatatu

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu na anataka kwenda Marekani kucheza gofu. Si kutembea, kucheza: kwenye timu ya chuo, huku chuo kikimlipia masomo. Alipolitoa neno hilo uani kwao Mkongani, bibi yake aliuliza gofu huliwa na nini. Tulicheka sote isipokuwa dada yangu. Kuna dalali alikuwa ameshampigia simu, ati akitoa pesa kidogo za kutangulia, kijana atapata nafasi. Dada alikuwa anamwangalia ng'ombe wake kwa jicho la kuuza. Mimi ndiye niliyefika chuo, basi nikaambiwa nitafute ukweli.

Kijana mwenyewe haoti bure. Jumamosi anatoka kabla ya adhana ya alfajiri: boda hadi Kwale, matatu hadi Kombani, nyingine hadi Ukunda, kisha Diani, kubeba mabegi kwenye uwanja wa mashimo 18. Anajua mpira unavyokwenda upepo ukiwa kaskazi na unavyokwenda ukiwa kusi. Matajiri wa Nairobi wakija likizo, yeye ndiye anayewaonyesha pa kulenga.

Nikaanza na hesabu. Kwa miaka mingi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, kiliruhusu kila timu ya gofu ya wanaume katika daraja la kwanza ufadhili wa watu 4.5. Ndiyo, nusu mtu. Kocha aliukatakata: huyu nusu, yule robo, mwingine patupu. Kuanzia msimu wa 2025-26, vyuo vilivyoukubali mpango mpya vimeondolewa kikomo hicho, lakini timu isizidi wachezaji 9. Tisa, na wanaozigombea nafasi hizo wanatoka hadi Uswidi na Thailand, watoto waliofundishwa na makocha tangu wadogo.

Huku kwetu ukitaja skolashipu ya michezo, watu hukumbuka wakimbiaji. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Lakini saa haikuulizi wewe ni mwanachama wa wapi. Dakika 13 za Nandi ni zile zile za Marekani. Gofu inauliza, bana. Kocha anataka kadi: mashindano gani, uwanja una urefu gani, ulipiga ngapi. Anataka hendikapu, ile namba ya kuonyesha wewe ni mchezaji wa kiwango gani, na hendikapu rasmi huipati hivi hivi. Hupitia klabu, tena baada ya kupeleka kadi za mashimo yasiyopungua 54.

Kwa hiyo kijana anayeujua uwanja kuliko wenyewe, kwenye karatasi hayupo kabisa. Klabu nyingi za Kenya huwaachia makedi uwanja siku ya Jumatatu. Jumatatu yeye yuko darasani. Zimebaki Jumatatu za likizo tu, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, na ukizihesabu hadi amalize kidato cha nne, wallahi ni chache. Hizo chache ndizo nafasi yake yote. Dalali hawezi kumwongezea hata moja.

Halafu nikakuta kitu ambacho sikwenda kukitafuta. Kwa timu za wanawake, kikomo kile cha zamani kilikuwa 6, si 4.5, na wasichana wanaocheza gofu shuleni ni wachache kuliko wavulana. Huyu kijana ana mdogo wake wa kike ambaye hupiga machungwa mabovu kwa upongoo wa mnazi nyuma ya jiko, na yanafika mbali. Hajawahi kupelekwa Diani. Msichana kubebea wanaume mabegi, watu watasema. Acha waseme. Pale Vipingo, upande wa pili wa Mombasa, tangu 2019 wanawake wa Ladies European Tour wamekuja kucheza na kulipwa, na hakuna aliyeanguka kwa maneno ya watu.

Nilimwambia dada ng'ombe abaki zizini. Kama kuna pesa ya kutoa, iende kwenye uanachama na masomo, maana bila alama nzuri za KCSE hakuna kocha atakayeweza kumsajili, na pesa za masomo zinaweza kuongezwa juu ya zile za gofu. Kijana alinuna siku mbili. Alitaka kusikia ndiyo au hapana, mimi nikamletea orodha ya siku za Jumatatu.

Aprili tutashuka Diani watatu kuuliza ada ya vijana ni kiasi gani. Msichana ameuliza kama atacheza na hijabu yake. Nimemwambia tutauliza na hilo pia.