Mshubiri wa Butiama

Mtoto wetu alifariki akiwa na miezi saba, tukamzika Butiama, nyumbani kwa wazee. Sisi tunaishi Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, na kwa mazoea ya watu wa ziwani tulipanda mawaridi juu ya kaburi. Masika yalipokatika, tukawa tunapanda gari kila Jumamosi na dumu la maji. Kufikia Agosti mawaridi yote yalikuwa yamekauka. Siku ile tulirudi Musoma bila kusali.

Butiama wanajua thamani ya mvua. Husimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922, aliitwa Kambarage kwa sababu ya mvua iliyonyesha siku hiyo. Sisi mvua yetu ilikuwa lile dumu.

Bibi yetu mmoja anayeishi Bunda alipopata habari, alituletea vichipukizi vitatu vya mshubiri, amevifunga kwenye khanga. Tuliumia. Shubiri ndiyo mama hupaka kwenye titi ili mtoto aachishwe ziwa, na wetu hakuifikia siku hiyo.

“Bibi, unatuongezea uchungu juu ya uchungu?” tulimwuliza.

“Wanangu, uchungu mnao tayari,” alijibu. “Nimewaletea kinachoweza kukaa nao.”

Akatuelekeza. Vichipukizi vikae kivulini siku kadhaa, mpaka pale vilipokatwa pakauke. Udongo tuuchanganye na mchanga. Tusimwagilie mara kwa mara, kwa maana mshubiri huhifadhi maji ndani ya majani yake manene, na maji yakizidi mizizi huoza.

Hilo la mwisho ndilo lililotushinda. Kubeba maji ndiko kulea kulikokuwa kumetubakia. Kufika kaburini mikono mitupu, tukamwachia Mungu mtoto na mmea wake, kulitaka imani ambayo hatukuwa nayo. Tuliacha dumu nyumbani kwanza. Imani ilitufuata nyuma, polepole.

Mwaka wa tatu, katikati ya kiangazi, nyasi zote zikiwa kavu, tulikuta mshubiri mmoja umetoa shina refu la maua mekundu. Ndege mdogo, chozi, alikuwa amening'inia juu yake akinyonya. Tulisimama mbali tusimfukuze, mpaka aliposhiba akaruka.

Siku hiyo tulisali. Jani lake ukilikata, bado ni chungu vilevile.