Njia Ikihama, Mwongozo Uhame

Mwongozo ni ahadi. Mwenye kuuandika humwambia mtu asiyemjua, "Fuata hatua hizi, nawe utafika." Ahadi hii ni nyepesi kuandika na nzito kutimiza, kwa sababu njia hubadilika, na maandishi hayajibadilishi yenyewe. Sisi wakazi wa Isiolo twalijua jambo hili vizuri. Kwa miaka mingi mji wetu ulikuwa mwisho wa lami. Aliyekwenda Marsabit au Moyale aliagizwa achukue maji, magurudumu ya akiba na subira. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, mwendo wa kilomita 500 hivi. Kitabu cha msafiri kilichoandikwa kabla ya hapo hakikusema uongo siku kilipoandikwa, lakini anayekiamini leo hupotezwa nacho.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na katika kazi hiyo njia huhama upesi kuliko barabara. Programu kubwa huandikwa na watu wengi walio mbalimbali. OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, imejengwa na watu wa nchi nyingi. Ili kazi ya mmoja isiharibu ya mwingine, waandishi hutumia chombo cha uunganishaji endelevu. Kila mtu aletapo badiliko, chombo hulipokea, huijenga programu upya, huipima, kisha hutoa jibu: kijani ikiwa salama, nyekundu ikiwa na kosa.

Vyombo hivyo navyo vina maisha yao. Hudson, kilichotungwa na Kohsuke Kawaguchi, kiliingia katika ugomvi, na mwaka 2011 watumiaji wake wengi wakakifuata kwa jina jipya la Jenkins. Travis CI kilihudumia bure programu nyingi za umma. Mwaka 2021 mlango wake wa zamani ukafungwa, na wengi wakahamia GitHub Actions, kilichokuwa kimefunguliwa kwa watu wote mwaka 2019. Mwaka 2021 vilevile, GitHub iliacha kupokea neno la siri la kawaida kwa mtu anayetuma kazi yake kwa amri za Git. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake. Lakini kila moja liliacha nyuma miongozo iliyoelekeza watu kwenye milango iliyofungwa.

Nimemwona binti mmoja hapa mjini, aliyemaliza shule ya sekondari karibuni, akihangaika siku mbili na mwongozo wa namna hiyo. Alirudia hatua ile ile mara nyingi. Bando lake la intaneti likaisha, akanunua jingine. Mwishowe hakusema kwamba mwongozo ni mbovu. Alisema kwamba yeye hana akili ya kazi hii. Hiyo ndiyo hasara kubwa, msomaji wangu. Mtu wa mji mkubwa akikwama humwuliza aliyeketi kando yake. Huyu hakuwa na mwalimu ila maandishi yale, na maandishi yalimsingizia ujinga.

Kwa nini kosa kama hilo hudumu? Programu ikivunjika hulia. Mwongozo ukivunjika hunyamaza. Chombo cha kupima kikifungwa, wajenzi hutambua upesi, kwa kuwa kazi yao haisogei. Lakini mwongozo hawausomi, maana njia waijua kwa ghibu. Msomaji wake ni mgeni, na mgeni huona haya kulalamika.

Dawa zipo, wala si ngumu. Ya kwanza ni kuuweka mwongozo pamoja na programu, na kukataa badiliko lolote la chombo lisiloandamana na badiliko la maandishi. Ya pili ni kuupa mwongozo sauti: amri zilizoandikwa ndani yake ziendeshwe na chombo kile kile kinachoipima programu, ili zikishindwa, rangi nyekundu iwake mbele ya watu wote. Ya tatu tumeirithi kwa wazee: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila mgeni aombwe kuufuata mwongozo hatua kwa hatua na kuandika mahali alipojikwaa, kwani jicho lake huona shimo ambalo mwenyeji amezoea kuliruka.

Wako wasemao kwamba vyombo hubadilika mno, hivyo afadhali kutoandika kabisa. Hoja hii ni ya mtu ambaye amekwisha kufika. Paa la nyumba huchakaa kila mwaka, wala hatuamui kulala nje, tunaliezeka upya.

Basi, kijana, siku moja utaufuata mwongozo nawe utakwama. Kabla ya kuilaumu akili yako, tazama tarehe ya maandishi, uliza kama chombo kinachotajwa kingali hai, na uipime njia yenyewe. Ukiipata njia mpya, usipite kimya. Iandike mahali pale pale ulipokwama, kwa maneno mepesi, kwa ajili ya mtu usiyemjua anayekuja nyuma yako.