Kwa Vipuri, Bonyeza Mbili

Sauti ya kwanza utakayoisikia ukipiga simu kwa ile ofisi ya Kirinyaga Road ni yangu. "Karibu, na asante kwa kutupigia. Simu hii inarekodiwa ili tuboreshe huduma. Kwa bei za mashine, bonyeza moja. Kwa vipuri, bonyeza mbili. Kuongea na mhudumu, bonyeza sifuri." Niliirekodi usiku ndani ya stoo, nimejifunika jaketi kichwani ili kelele za magari zisiingie. Bosi alitaka sauti ya mwanamke, kama zile za benki, lakini alipoambiwa bei ya studio akaniangalia akasema, "Kwani wewe huongei Kiswahili?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa sauti ya kampuni. Na hivyo ndivyo baba yangu alivyojua kwamba siko chuo.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Nikisema "niliacha" naonekana mtu aliyekaa chini akaamua. Ukweli ni kwamba nilikuwa na deni la karo, jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaofanya mtihani, nikarudi chumbani nikalala, na kesho yake sikuamka kwenda popote. Muhula huo baba alikuwa ameuza mtamba ili nilipe. Nusu ya hizo pesa zilikuwa zimeishia kwa landilodi na kwa mama wa kibanda aliyekuwa akinikopesha chapati. Nilijiambia nitarudisha kabla mtu hajajua. Sikurudisha.

Kwetu ni karibu na Kitale. Baba na mama hawatoki kabila moja, kwa hivyo tumelelewa na Kiswahili. Barua ya chuo ilipokuja, uhandisi wa mawasiliano, baba aliacha kuniita jina langu. Akaanza kuniita Injinia. Shambani Injinia, kanisani Injinia. Kila Jumapili jioni alinipigia: "Injinia, masomo?" Nami nikajibu, "Yanaendelea, Baba." Kwa karibu miaka miwili masomo yangu yaliendelea hivyo, kwa simu tu.

Huku Nairobi nilikuwa naishi kwa kuandika. Makala za watu, maelezo ya bidhaa, chochote kinacholipwa kwa idadi ya maneno. Kwa hiyo ofisi niliingia kuandika maelezo ya mashine wanazouza: za kukata nyasi ya ng'ombe, za kukamua, pampu za maji. Siku ya tatu nikakuta vurugu. Ofisi ilikuwa na simu nne za mkononi, kila mhudumu na yake. Mhudumu akienda lunch, simu inalia mezani peke yake. Mmoja alikuwa ameacha kazi akaondoka na laini, na wateja wote wa Nakuru wakaondoka naye. Bosi alikuwa analalamika ndiyo nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hiyo kitu inaweza kutengenezwa na intaneti."

Nilikuwa najua nini? Nilikuwa nakumbuka somo moja. Mhadhiri alitueleza kwamba simu haibebi sauti yako. Inaipima mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kinageuzwa nambari, na nambari hizo ndizo zinazosafiri. Kwenye intaneti zinafungwa katika vipande vidogo, kwa kawaida kila kimoja kikibeba sekunde 0.02 za sauti yako. Vipande hamsini kwa kila sekunde, kila kimoja kinajitafutia njia. Kikichelewa, upande wa pili haukisubiri. Unakitupa na kuendelea. Hilo lilinishangaza sana wakati ule. Nilikuwa nafikiri mashine ina subira kuliko watu.

Bosi alinipa kompyuta kuukuu iliyokuwa chini ya meza ya mhasibu. Nikaweka Asterisk, programu ya bure ambayo Mmarekani mmoja, Mark Spencer, alianza kuiandika mwaka 1999 kwa sababu kampuni yake ndogo haikuwa na pesa za kununua mtambo wa simu. Nilipenda hiyo hadithi. Ilikuwa kama yetu. Tukanunua simu mbili za mezani za mtumba, wengine nikawawekea simu ndani ya kompyuta na hedifoni. Kampuni moja yenye leseni ikatuuzia namba inayoanza na 020, namba ya Nairobi, ambayo sasa haikuwa ya mtu yeyote. Mhudumu angeweza kuacha kazi. Namba ingebaki.

Bosi alifikiri nafanya miujiza. Lakini kazi kubwa ilikuwa imefanywa na wengine kitambo. Hadi mwaka 2004 Telkom Kenya ilikuwa na ukiritimba. Halafu mwaka 2009, mimi nikiwa shule ya msingi, nyaya za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa kutoka chini ya bahari, na intaneti ya nchi hii ikaanza kufanana na intaneti. Baba yeye anakumbuka kupanga foleni posta ya Kitale na sarafu mkononi, nyuma yako mtu anakohoa ili umalize haraka.

Simu ya kwanza iliingia Jumatatu asubuhi. Ikalia fiti. Dada wa mapokezi akainua, akasema habari yako, halafu akakunja uso. "Haongei huyu." Kumbe mteja alikuwa anaongea. Yeye alitusikia vizuri, sisi hatukumsikia hata neno. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Kwenye simu za aina hii kuna njia ya kupiga hodi na kuna njia ya maneno, na si njia moja. Hodi ilikuwa inapita. Maneno yalikuwa yanafika kwenye ruta yetu, ruta haijui ni ya nani, inayafungia nje. Nikafungua milango inayotakiwa, nikaieleza seva anwani yake ya nje ni ipi, na mchana wa Jumatano tukasikia mzee mmoja wa Molo akisema, "Sasa ndiyo mnanisikia?" Ofisi nzima ikapiga makofi.

Kisha nikaharibu. Ekstensheni ya 101 niliipa paswadi 101, nikijiambia nitabadilisha. Wikendi moja watu nisiowajua, labda hata si watu, ni programu tu zinazozunguka intaneti zikijaribu milango, wakaingia na kupiga simu nchi za mbali usiku kucha mpaka salio likaisha. Bahati ni kwamba tulikuwa tunalipia mapema. Elfu kumi na moja zikaenda, na bosi akazikata kwa malipo yangu, elfu tatu kila mwezi hadi zikaisha. Sikumlaumu. Nikafunga simu zote za kwenda nje ya nchi, nikaweka paswadi ndefu hata mimi siwezi kuzisoma, na programu inayomfungia nje yeyote anayekosea paswadi mara kadhaa. Hayo yote hayakuwa kwenye somo la mhadhiri. Au yalikuwa, ila wiki ile sikuhudhuria.

Suala la kurekodi lilikuwa la bosi. Alitaka ushahidi, maana wateja walikuwa wanasema waliahidiwa visu vya bure. Nilimwambia kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, huwezi kumrekodi mtu kimyakimya. Ndiyo maana salamu ina yale maneno. Lakini mimi, kwa uvivu wa usiku wa manane, niliweka amri ya kurekodi mstari wa kwanza kabisa, kabla ya salamu. Yaani mtambo ulianza kusikiliza kabla haujamwambia mtu kwamba unasikiliza. Sikuliona kuwa kosa. Nililiona kuwa rahisi.

Mwisho wa mwezi bosi akaniomba ripoti. Nikaona kuna simu zinaingia, zinakaa dakika moja na zaidi, halafu zinakatika bila mtu kufinya kitu chochote. Nilidhani ni wakulima wasioelewa menyu. Nikaweka hedifoni nianze kuzisikiliza moja moja.

Ya tano au ya sita, kabla ya kubonyeza, nikaiona namba. Ile namba naijua kuliko yangu. Niliikariri nikiwa darasa la pili, ili nikipotea sokoni nimpe mtu mzima yeyote anipigie. Ilikuwa imepiga mara tatu. Jumanne mchana mara mbili, halafu Jumanne hiyohiyo saa tatu usiku.

Ya kwanza. Sauti yangu: "Karibu, na asante kwa kutupigia."

"Halo? Nataka kisu cha hii mashine, kimevunjika." Halafu kimya. Halafu, polepole, "Injinia?"

"Kwa bei za mashine, bonyeza moja."

"Injinia, ni wewe? Ni Baba. Unanisikia?"

"Kwa vipuri, bonyeza mbili."

Nikasikia mlango, na kuku, na baba akiita kwa sauti ya chini, "Mama, hebu kuja. Kuja usikie. Huyu si kijana wetu?" Mama hakujibu kitu ambacho mtambo ungeweza kukinasa. Menyu ikarudia, kama nilivyoiagiza, kisha nikamwambia baba yangu kwamba samahani, hajachagua chochote, na nikamkatia.

Ya pili hawakusema neno. Walisikiliza tu, mwanzo hadi mwisho.

Ya tatu, ile ya usiku, ofisi ikiwa imefungwa, nafikiri alikuwa peke yake. Sikusikia kuku wala mama. Nilisikia pumzi. Mimi nikimweleza abonyeze nini, yeye akipumua. Mwishoni, kabla sijamkatia tena, alisema, "Haya."

Niliangalia tarehe. Ilikuwa wiki tatu zimepita. Maana yake Jumapili tatu alikuwa amenipigia akijua. Nikakumbuka swali moja nililolipuuza: "Hapo uko, kuna simu ya mezani?" Nikamwambia hapana Baba, hosteli hazina simu za mezani siku hizi. Akasema sawa, kula vizuri. Nilikuwa nimemwambia pia kwamba mitihani imekaribia.

Ningependa kuandika kwamba nilimpigia hapohapo. Nilikaa siku nne. Siku ya tano, watu wakiwa wameenda lunch, niliinua ile simu ya mezani, ekstensheni 101, ili namba ya ofisi ndiyo imtokee. Nilitaka aone mwenyewe ninakopigia kabla sijafungua mdomo. Ililia mara mbili.

"Halo," akasema. "Leo nifinye ngapi?"

Sikuweza kuongea. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima, na wakati wote nawaza vile vipande, hamsini kila sekunde, vinaenda Kitale bila kitu ndani.

"Unanisikia ama ni ile shida ya mtambo?"

"Nakusikia, Baba."

"Mimi nilidhani unanisikia pia siku ile."

Nikamwambia yote. Karo, mtihani, mtamba. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema kitu ambacho bado ninacho. Alisema mtamba ungekuwa ng'ombe sasa, ungekuwa unakamuliwa, na hilo lingemuuma hata kama ningefuzu, lakini ng'ombe ni ng'ombe. "Lakini umeniacha nikiombea mtihani. Kanisa zima. Mtihani gani, Injinia?" Hakupandisha sauti. Nilitamani aipandishe.

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Kulikuwa na kimya kirefu, kisha akauliza, "Hiyo simu ya kuongea peke yake, uliitengeneza wewe?"

"Ni mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Kompyuta walikuwa nayo."

"Hmm." Nikasikia akigeuka kumweleza mama, maneno sikuyapata. Halafu akarudi. "Sasa hicho kisu kitakuja lini? Ng'ombe wanakula nyasi ndefu kama mbuzi."

Nilikilipia mimi, nikakituma jioni hiyo na gari la Kitale. Usiku huo nikarudi ofisini na kuhamisha ule mstari wa kurekodi. Sasa mtambo unaanza kurekodi mhudumu akishainua simu, baada ya mtu kuambiwa. Nikaongeza kwamba asiyefinya chochote asikatiwe. Apelekwe kwa mhudumu, na kama ni usiku, aambiwe tumefunga na aache ujumbe. Bosi aliuliza mbona. Nikamwambia kuna watu hawapigi simu kutafuta menyu.

Rekodi zetu hujifuta baada ya siku 90. Hiyo amri niliiandika mwenyewe. Nilikuwa na muda wa kutosha kuzitoa zile tatu na kuziweka mahali, na usiku mmoja nilikaribia kufanya hivyo. Lakini baba hakuwa ameambiwa anarekodiwa aliposema jina langu. Nikaziacha zikaenda.

Jumapili bado ananipigia. Haulizi masomo. Anauliza kama nimekula, kama bosi amelipa, kama ile makala niliyosema imetoka. Bado ananiita Injinia, na sijui kama ni mazoea au ni kisu kingine, na sijathubutu kumuuliza. Wakati mwingine, katikati ya wiki, dada wa mapokezi hunipigia kucheka: kuna mzee amepiga, amefinya mbili, na akiulizwa ni kipuri gani anasema hakuna kilichoharibika, alikuwa anasikiliza tu kama mtambo unafanya kazi.