Kuvuka Ua na Bunduki

Katika kurasa hizi tumesoma sana habari za mpira, lakini sijaona bado aliyeandika juu ya bunduki. Nasi wengi hapa twatoka vijiji ambako nguruwe mwitu humaliza shamba la muhogo kwa siku chache.

Mjomba wangu kule Busoga ana bunduki ya mitutu miwili, pamoja na hati yake ya serikali. Vijana humcheka kwa taratibu zake. Kila afikapo penye ua au mtaro husimama, huifungua, hutoa risasi zote mbili na kuzitia mfukoni. Kisha huilaza ng'ambo, mdomo ukielekea kusiko na mtu, ndipo huvuka mwenyewe. Hata ukipokea bunduki uliyoiona ikifunguliwa sasa hivi, atakuambia uifungue tena utazame. Kidole chake hakigusi kifyatuo mpaka amemwona nguruwe mzima, na kilicho nyuma yake. "Majani yakitikisika," husema, "huenda ni mtoto wa jirani." Nguruwe wengi wamemponyoka kwa hayo, mimi naona ni hasara ndogo.

Wanaocheka husema ajali ni za wasiojua. Basi na wamfikirie Bwana Speke, tunayemsoma darasani. Tarehe 28 Julai 1862 alifika hapo Jinja, kwenye maporomoko ya Ripon, ambayo yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kujengwa mwaka 1954. Alikuwa askari, na mwindaji wa miaka mingi. Tarehe 15 Septemba 1864, akiwa kwao Uingereza akiwinda kware, alipanda ukuta mdogo wa mawe na bunduki iliyojaa mkononi. Ikalia, ikampiga ubavuni, akafa baada ya dakika chache. Umri wake miaka 37, na kesho yake ilikuwa abishane na Burton mjini Bath juu ya chanzo cha Nili. Wako waliodhani alijiua. Waliochunguza kifo chake walisema ni ajali, nami naona ukuta unatosha.

Nilimsomea Mjomba habari hiyo likizo iliyopita. Aliuliza ukuta ulikuwa na kimo gani, nikamwonyesha goti. Akauliza nani alikuwa amesimama karibu.

Desemba nitaibeba mimi, na mdogo wangu wa miaka 11 atashika tochi. Nimekwisha kumwambia atembee nyuma yangu, wala asipite mbele hata nguruwe akionekana.